Tawasifu Darasani: Tippu Tip, André Yav na Mpaka wa Hadithi

Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wachanga aina za maandishi huanza, kwa kawaida, kwa kuvigawa vitabu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maandishi ya kubuni: ngano, hekaya, hadithi fupi, riwaya. La pili ni la maandishi ya mambo yaliyotukia: historia, habari za safari, wasifu, tawasifu. Mgawanyo huo una manufaa yake kwa mtoto anayeanza kusoma, kwani humfundisha kuuliza kama jambo analolisoma lilitukia kweli. Kasoro yake ni kwamba humzoeza kuamini kuwa swali hilo limekwisha kujibiwa na jalada la kitabu.

Vitabu vya Shaaban Robert, ambavyo wanafunzi wa Kiswahili hukutana navyo mapema, vyatosha kuonyesha ugumu huo. Adili na Nduguze (1952) ni hadithi ya kubuni, yenye undugu wa karibu na kisa kimoja cha Elfu Lela Ulela. Wasifu wa Siti Binti Saad ni maisha ya mwimbaji aliyeishi kweli Unguja. Maisha Yangu (1949) ni tawasifu, lakini ndani yake mna tenzi ambazo baba anawausia watoto wake. Mwanafunzi akiambiwa kwamba utenzi ni fani ya ushairi na tawasifu ni nathari ya mambo ya kweli, atakiweka wapi kitabu hiki? Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) nacho huleta shida hiyo hiyo, maana kinasimulia historia ya watumwa waliokombolewa kwa mwendo wa hadithi.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Kongo mifano iliyo mizito zaidi iko karibu na nyumbani. Wa kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950, na François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa mwaka 1974. Ni tawasifu ya kale katika nathari ya Kiswahili, na sehemu kubwa ya matukio yake yametendeka katika nchi ambayo leo ni Maniema, Sankuru na Tshopo. Kwa sababu hiyo peke yake kitabu hiki kingestahili kusomwa shuleni Kasongo na Kisangani.

Kina pia sifa ambazo kijana huzipenda. Msimulizi anaanza safari za biashara akiwa na umri wa miaka 12, umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Sentensi zake ni fupi, mwendo ni wa haraka, na hakuna ukurasa usiokuwa na safari, vita au mazungumzo. Mwalimu asiyekuwa mwangalifu atafurahi kuona darasa zima likimshangilia mtu huyu. Papo hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa shujaa wa masimulizi hayo alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu. Pembe anazihesabu kwa frasila, kipimo cha kilo 16 hivi, tena kwa makini. Wachukuzi wa pembe hizo kwa kawaida ni kundi lisilo na majina. Anasimulia bila haya jinsi alivyowakamata wachukuzi wa Kizaramo waliomtoroka na kuwafunga, na jinsi alivyopata kwa tendo hilo jina la Kingugwa, yaani chui. Kwake yeye kisa hicho ni cha sifa.

Kipande kinachofaa kuliko vyote kufundishia tofauti ya kweli na kubuni ni kile cha Utetera. Tippu Tip anapata habari kwamba hapo zamani mabinti wa ukoo wa mtemi Kasongo Rushie walitekwa wakapelekwa mbali. Basi anajitokeza kuwa mzao wa mmoja wao, naye mtemi mzee anampokea kama damu yake na kumwachia utawala. Hapa mwandishi wa tawasifu anatunga hadithi ndani ya habari ya kweli, na hadithi hiyo ya kubuni inazaa tukio la kweli: nchi inapata mtawala mpya. Mwanafunzi akiulizwa nani anadanganywa katika kipande hiki, mtemi au msomaji, somo la aina za maandishi limeanza.

Mfano wa pili ni andiko la Lubumbashi la mwaka 1965, Vocabulaire ya Ville de Elisabethville, lililokusanywa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Johannes Fabian alilichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Jina lake hudanganya, kwani si kamusi. Ni historia ya mji na ya utawala wa Kibelgiji kama ilivyoonekana na waliopika, waliofua na waliosikia mazungumzo ya mezani. Yav hasimulii maisha yake peke yake; anasema kwa niaba ya wenzake, na mara nyingine historia yake inakwenda kinyume na tarehe za vitabu vya shule. Mhakiki mwenye haraka atayaita hayo makosa. Lakini kumbukumbu ya boyi juu ya bwana wake ni ushahidi wa aina yake, hata pale inapokosea mwaka.

Maandiko haya mawili yakisomwa pamoja, wale ambao Tippu Tip aliwaacha bila majina wanapata, kwa namna fulani, wa kuwasemea: si wao wenyewe, wala si wajukuu wao lazima, bali watu wa kazi waliojua maana ya kutohesabiwa.

Linabaki tatizo la lugha. Maisha ya Tippu Tip ni Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19. Andiko la Yav ni Kiswahili cha Katanga, lenye maneno ya Kifaransa na tahajia inayoungana au kutengana kufuatana na sikio la mwandishi. Wako wanaopendelea kulisanifisha kabla ya kulipeleka darasani. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya Yav sauti yake ili mwalimu asipate taabu. Njia iliyo bora ni kulisoma kwa sauti: mtoto wa Kenya au wa Katuba huko Lubumbashi atayatambua kwa sikio maneno ambayo jicho lake lilikuwa limeyakataa.