Kutoka Mbizini Hadi Jukwaani: Tycho na Bendi Yake

Muziki wa ambienti hutanda chumbani kama moshi wa udi. Hauna kiitikio cha kusubiriwa, na mara nyingi hauna hata mwimbaji wa kufuatwa. Aghalabu huwa kazi ya mtu mmoja aliyejifungia na mashine zake, mwenye usiku mrefu na asiye na wa kumwambia basi. Kwa hiyo pindi mtu wa namna hiyo anapowaita wenziwe wapande naye jukwaani, huzuka swali ambalo si dogo: anawagawia nini katika mali yake, naye anabakiwa na nini?

Hapana mfano ulio wazi kuliko wa Scott Hansen, Mmarekani wa San Francisco, ambaye muziki wake hutoka kwa jina la Tycho. Hansen ni msanii wa michoro pia, na katika fani hiyo hujulikana kwa jina jingine, ISO50. Majalada ya santuri zake ni kazi ya mkono wake mwenyewe: majua ya rangi ya machungwa, miviringo, upeo wa macho. Tangu santuri za mwanzo, mathalani Past Is Prologue ya mwaka 2006, sikio hutambua kwamba aliyezitunga ni mchoraji. Sauti zimepakwa tabaka juu ya tabaka, na kingo zake zimefifishwa makusudi.

Kilele cha upweke huo ni Dive, iliyotoka mwaka 2011. Ina vipande 10, na kile kilichobeba jina la santuri hupita dakika 8. Jina hilo kwa Kiswahili ni kupiga mbizi, na mpiga mbizi huzama peke yake. Lahani ni fupi. Hurudiwa, na kila zirudipo zimefunikwa na pumzi nyingine ya kinanda. Magitaa yamo, ila yamo ndani ya ukungu. Ngoma nazo zimewekwa nyuma ya lahani, zikihesabu tu, bila ya kumkokota mtu. Hapa mtunzi ni sultani wa wakati. Akitaka sauti moja ivutwe mpaka msikilizaji asahau ilipoanzia, itavutwa, wala hapana mpiga ala wa kuchoka wala wa kukohoa.

Usultani huo ndio uliotikisika jukwaani. Mtu mmoja aliyeinamia mitambo mbele ya umati uliosimama hana mengi ya kuonyesha, na hata picha nzuri zinazomulikwa nyuma yake haziondoi shaka kwamba labda kila kitu kimekwisha kurekodiwa, na yeye anabonyeza tu. (Shaka hiyo si ya haki sikuzote, lakini hadhira haihukumu kwa haki, huhukumu kwa macho.) Hansen akasimama na Zac Brown, mpiga gitaa na besi, na Rory O'Connor, mpiga ngoma. Watu hao watatu ndio wanaosikika katika Awake ya mwaka 2014, santuri ambayo jina lake maana yake ni kuwa macho.

Tofauti yaonekana tangu sekunde za mwanzo. Gitaa limetoka ukunguni, laini na safi, na linaongoza. Vipande ni 8, na vyote kwa pamoja havifiki dakika 40. Lakini si gitaa lililobadilisha mambo, ni O'Connor. Mpiga ngoma mwenye mwili hahesabu kama saa ya ukutani: huegemea pigo, hulitangulia kwa unywele, hulichelewesha, na wenziwe wakalazimika kumfuata. Katika kipande cha "Montana" ngoma ndizo zinazoamua lahani ifike lini na iondoke lini.

Mpenzi wa taarab ataona jambo hili si geni, kisha ataona kwamba ni geni. Visiwani mshairi amezoea kuyatoa maneno yake, mwingine akayatilia lahani, na mwimbaji akayachukua mbali zaidi. Naye aliyezoea kusikiliza bashraf anajua kwamba ala bila ya maneno si muziki uliopungua. Ila Hansen hakutoa maneno, maana hakuwa nayo, wala lahani hakuitoa. Hata picha zilibaki mkononi mwake. Alichokitoa ni wakati. Kwa mtunzi wa muziki wa kutanda hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote, na pengine ndicho pekee ambacho bendi haiwezi kufanya kazi bila ya kukipata.

Je, alipata faida? Alipata, na alilipia. Awake ina uhai ambao Dive haina, lakini baadhi ya vipande vyake vya katikati vinafanana kama watoto wa tumbo moja, na mara kadhaa mdundo unaondoka kabla lahani haijakaa. Epoch ya mwaka 2016, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, yaendeleza mwendo huohuo kwa nguvu zaidi na kwa mshangao mdogo zaidi.

La ajabu lilikuja mwaka 2019. Katika Weather aliingizwa mwimbaji, Saint Sinner, na kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya santuri ya Tycho ikasimama juu ya sauti ya mtu. Kwa sikio la mshairi, maneno yenyewe hayana uzito mkubwa. Sauti ndiyo inayoyabeba, na sauti hiyo ni tamu. Mwaka uliofuata Hansen akatoa Simulcast, ambamo muziki uleule umefanyiwa kazi upya bila ya maneno. Kugawa, alikuwa amekwisha kugawa ngoma na gitaa wala hakuomba kurudishiwa. Maneno ndiyo aliyoyatolea nakala ya pili isiyo nayo.

Mwenye hamu aanze na Dive usiku, taa zikiwa zimezimwa, kisha Awake asubuhi yake, njiani. Simulcast aisikilize kabla ya Weather, asije akaitafuta sauti ambayo haimo.