Sauti ya Silinda Nane

Mwaka 2022, AMG, kitengo cha Mercedes-Benz kinachounda magari yake yenye nguvu kubwa, kilizindua C 63 mpya. Chini ya boneti ambamo kizazi cha 2007 kilibeba injini ya silinda nane, lita 6.2, safari hii iliwekwa injini ya silinda nne na lita mbili, ikisaidiwa na mota ya umeme iliyofungwa nyuma. Kwa hesabu za karatasini hakuna kilichopungua, kwani nguvu za farasi zilipanda kutoka 457 hadi 680. Hata hivyo wapenzi wa gari hilo walilipokea kama watu waliopelekewa taarifa ya msiba, na wapo waliowacheka wakisema kwamba wanalilia kelele. Mimi naona waliolia walikuwa na hoja. Sauti ya saluni ya kifahari yenye mbio ilikuwa ushahidi wa kile kilichomo ndani yake, na umbo lake lilikuwa ushahidi wa namna hiyohiyo. Tangu vyote viwili vianze kubuniwa mbali na chuma chenyewe, ufundi huu umekuwa ukipoteza kitu ambacho namba za kasi haziwezi kukirudisha.

Tuitazame saluni moja tu, Mercedes-Benz 500 E, iliyooneshwa Paris mwaka 1990. Ni ndugu wa W124, gari ambalo Dar es Salaam na Nairobi walilijua kwanza kama gari la wakubwa, kisha kama mtumba usiochoka. Ila 500 E yenyewe iliundwa kwa usukani wa kushoto tu, ndiyo maana barabara zetu hazikuizoea. Ili kuipa miguu ya kubeba injini ya lita tano, madigadi yalitanuliwa kidogo, na kidogo hicho kikatosha kuizuia bodi isipite kwenye mtambo wa kuunganishia magari huko Sindelfingen. Kazi ikapelekwa kwa Porsche, ambayo miaka ile ilikuwa na njaa ya kazi. Vipande vya bodi vilisafirishwa hadi Zuffenhausen vikaunganishwa, bodi ikarudishwa Sindelfingen kupakwa rangi, ikapelekwa tena Zuffenhausen kufungwa injini na mengine yote, kisha ikarudi kwa mwenyewe kukaguliwa. Gari moja lilikula siku 18. Injini ilijaza nafasi ya mbele hata betri ikahamishiwa kwenye buti, na nyuma vikawekwa viti vya watu wawili tu. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1995 yalikuwa yametoka magari 10,479. Na baada ya tabu yote hiyo, ukiitazama barabarani huoni bawa wala tundu la mapambo. Imekaa chini kidogo kuliko ndugu zake, mashavu yametuna kidogo, basi. Bruno Sacco, aliyeongoza usanifu wa Mercedes enzi hizo, alishikilia kwamba gari jipya lisilifanye lililotangulia lionekane limepitwa na wakati. Kila uvimbe kwenye bodi ya 500 E una sababu yake, na sababu hiyo ni tairi pana lililo chini yake.

Sauti yake nayo ina sababu. Injini hiyo huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-5-4-8-6-3-7-2. Namba 1 hadi 4 ziko upande mmoja, 5 hadi 8 upande wa pili. Ufuate mpangilio huo kwa kidole: milipuko inapokezana kwa adabu, huku na kule, mpaka inapofika kwenye 8 na 6, ambazo zote ni za upande mmoja, kisha mwishoni 2 inafuatwa na 1 ya mzunguko unaoanza, nazo zote ni za upande mwingine. Kwa kranki nzima nafasi kati ya mlipuko na mlipuko ni sawa, lakini kila upande peke yake unatoa moshi wake kwa mapigo yasiyolingana, na kutolingana huko ndiko sikio linakosikia kama mngurumo mzito unaojikunjakunja. Linganisha na silinda sita za mstari mmoja za BMW M5 ya kwanza ya mwaka 1985, zilizotokana na zile za gari la michezo la M1. Hizo hulipuka kwa nafasi sawa za nyuzi 120, kwa hiyo sauti yake hupanda laini, bila kukwaruza. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kwamba Mercedes ingurume na BMW iimbe. Kranki ndizo zilizoamua, na mwenye sikio aliweza kuitambua injini bila kufungua boneti.

Wapo watakaosema kwamba sauti imekuwa ikichezewa tangu zamani, kwa kuwa wahandisi walikuwa wakipima urefu wa mabomba ya ekzosi na kujaza sailensa mpaka wapate mlio walioutaka. Ni kweli. Fundi wa udi pia huchagua unene wa mbao, lakini nyuzi lazima zitetemeke ndipo udi usikike. M5 ya mwaka 2011 ilivuka mpaka huo. Iliyoitangulia ilikuwa na silinda kumi zilizozunguka hadi mara 8,250 kwa dakika na kutoa nguvu za farasi 507. Hii mpya ilikuja na silinda nane na turbo, na turbo huendeshwa na moshi uleule ambao ndio uliokuwa ukibeba sauti. Bodi nayo ilizibwa vizuri hata injini ikawa haisikiki sawasawa ndani. Dawa iliyopatikana ikawa ni kupiga sauti ya injini kupitia spika za redio, ikipanda na kushuka kwa kufuata mafuta na mizunguko. Tangu hapo uongo huo umepata wenzake: saluni zenye midomo ya ekzosi ya kupamba bampa tu, huku bomba lenyewe limejificha chini, na matundu ya kupitishia hewa ambayo nyuma yake ni plastiki ngumu.

Hoja nzito zaidi ni ya majirani na ya hewa tunayovuta. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inashusha kelele za magari mengi ya abiria kwa hatua, hadi desibeli 68, na mtu anayelala kando ya barabara kuu ana haki ya kuifurahia. Sitetei kelele. Kijana anayekata sailensa ili mtaa mzima ujue amepita si mrithi wa ufundi huu, kwa sababu 500 E ikiwa imesimama taa nyekundu ilikuwa karibu haisikiki. Iliongea pale tu ilipopewa kazi. Ustadi wake ulikuwa kiasi. Na wanaotaja mazingira waiangalie pia mizani: 500 E ilikuwa na takriban tani 1.7, ilhali M5 ya mwaka 2024, yenye betri na mota yake, imepita tani 2.4. Kiasi hakimo tena katika uzito, hakimo katika sura, na sasa hata ukimya umeonekana hautoshi. Tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima litoe sauti likiwa kwenye mwendo mdogo, ili waenda kwa miguu wasigongwe. Hitaji hilo ni la haki kabisa. Lakini BMW wamekwenda mbali zaidi, wakamkabidhi mtunzi wa muziki wa filamu, Hans Zimmer, kazi ya kutunga sauti za magari yao ya umeme. Ni mtunzi hodari, na pengine alichotunga kinapendeza kuliko injini nyingi. Ila hakihusiani na chochote kinachozunguka ndani ya gari.

Atakayeumizwa zaidi na mabadiliko haya ni fundi, na ni ajabu kwamba huyo hatajwi. Kwa miaka mingi fundi mzuri aliinamia boneti, akaomba injini ipewe mafuta kidogo, akasikiliza, akasema ni silinda ipi haichomi au ni mnyororo gani umelegea. Mngurumo ulikuwa maelezo, na maelezo hayo hayakuuzwa wala kufichwa na aliyeunda gari. Sauti ya spika inatungwa na kompyuta kutokana na mizunguko na mguu wa dereva. Itaendelea kuwa ya injini nzima hata ile ya chuma ikiwa imeanza kuugua, na mwenye gari atajua siku taa ya njano itakapowaka kwenye dashibodi.