Senti Tano Pale Coney Island

Katika shughuli za biashara ni chache zinazodharauliwa upesi kama uuzaji wa vitafunio vya bei ndogo mahali pa tafrija, kwa kuwa mtazamaji huona mkate, kipande cha nyama na sarafu itokayo mkono huu ikaingia mkono ule, naye akadhani hapo hapana maarifa ila sauti ya mchuuzi na njaa ya mpita njia. Walakini atakayeichunguza kwa makini kazi iliyofanywa tangu mwaka 1916 pale Coney Island, kwenye ufuo wa kusini wa Brooklyn mjini New York, atakuta hesabu iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa, nayo yastahili kusomwa na kila mwenye nia ya kuwalisha watu wengi wenye kipato kidogo pasipo kuwapunja.

Mahali penyewe palikuwa pamekwisha kupata umashuhuri. George Tilyou alifungua bustani yake ya michezo iliyoitwa Steeplechase mwaka 1897, ikafuata Luna Park mwaka 1903, kisha Dreamland mwaka 1904, ambayo iliteketea kwa moto mwaka 1911. Kandokando ya bustani hizo palikuwa na barabara za umma, na katika barabara hizo kila mtu mwenye kibanda aliuza alichoweza. Mkubwa wa biashara ya chakula alikuwa Charles Feltman, Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye alianza na gari la kuchuuzia, akauza soseji za moto ndani ya mkate, na baraka ya biashara hiyo ikamwezesha kujenga jumba kubwa la kulia lenye bustani, wapiga muziki na wahudumu wengi. Feltman alifariki mwaka 1910, lakini jumba lake liliendelea chini ya warithi wake, na soseji yake ikauzwa senti kumi.

Katika jumba hilohilo alifanya kazi kijana mmoja Myahudi aliyezaliwa Galicia, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya himaya ya Austria, jina lake Nathan Handwerker, aliyefika New York mwaka 1912. Kazi yake, kama isimuliwavyo, ilikuwa kupasua mikate. Mwaka 1916 yeye na Ida, aliyekuja kuwa mkewe, walifungua kibanda chao karibu na pembe ya barabara za Surf na Stillwell, kwa rasilimali ya takriban dola 300, na bei waliyoitangaza ilikuwa senti tano, yaani nusu kamili ya bei ya jumba kubwa.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi, maana kupunguza bei ni jambo liwezalo kufanywa na mtu yeyote kwa siku tatu, kisha akafilisika siku ya nne. Linalotakiwa kuelezwa ni vipi bei hiyo ilidumu miaka mingi na mwenyewe akatajirika. Ukiichambua senti kumi iliyolipwa jumbani, utaona kwamba sehemu yake kubwa haikununua nyama wala unga, bali ilinunua kiti, meza, sahani, uma, ujira wa mhudumu, ujira wa mwosha vyombo, kodi ya nafasi aliyokalia mteja kwa nusu saa nzima, na sauti ya zumari. Handwerker aliyaondoa yote hayo. Mteja wake alisimama barabarani, mkono wake ukawa ndiyo sahani, na mkate ukawa ndicho chombo kiliwacho pamoja na kilichomo, hata pasibaki cha kuoshwa. Lakini nyama hakuigusa: soseji ilikuwa ya ng'ombe tupu, yenye viungo vilivyonasibishwa na jamaa za Ida, na hiyo ndiyo tofauti iliyopo baina ya urahisi wa bei uliokatwa katika gharama zisizoliwa, na ule unaokatwa katika chakula chenyewe, ambao mimi nauhesabu kuwa ni wizi hata pale sheria isipouita hivyo.

Fauka ya hayo iko faida ya wakati. Soseji ya namna ile hufika kibandani ikiwa imekwisha kuiva kwa moshi na mvuke katika karakana ya mtengenezaji, hivyo kazi ya mwuzaji si kuipika bali kuipasha moto na kuipa rangi juu ya bamba pana la chuma, ambapo huweza kupangwa safu kwa safu, nyingine zikianza na nyingine zikiwa tayari. Mteja akifika, kinachosalia ni kuutia mkate nyama, kupaka haradali na kupokea sarafu. Chakula kinachohitaji dakika kumi tangu kuagizwa hakiwezi kuuzwa kwa bei ya chini mahali pa mkusanyiko, hata kama viungo vyake ni vya bure, kwa sababu mstari wa watu wanaongoja hugeuka kuwa mstari wa watu wanaoondoka. Nayo masaa ya mauzo makubwa katika ufuo wa New York ni machache, kwa kuwa watu huja wakati wa kiangazi, hasa Jumapili, na Jumapili ikinyesha mvua hapana wa kumlipa mchuuzi fidia.

Tena itazame sarafu yenyewe. Senti tano nchini Marekani ni kipande kimoja cha fedha, wala si hesabu ya vipande vitano, na anayelipa kwa kipande kimoja hangoji chenji. Bahati ikaja kuiunga mkono hesabu hiyo: mwaka 1920 watu walianza kufika Coney Island kutoka Manhattan kwa reli ya jiji kwa nauli ya senti tano, na kituo cha mwisho kilikuwa pale pale Stillwell, ng'ambo ya barabara kutoka kibandani. Hapo mfanyakazi wa kiwandani aliyekuja na mkewe na jamaa wawili aliweza kuipiga hesabu ya siku yake kabla ya kutoka nyumbani: senti 20 za kwenda, senti 20 za kurudi, senti 20 za soseji nne, jumla senti 60. Kwa bei ya jumbani soseji hizo nne peke yake zingemla senti 40, naye asingethubutu kuongeza ya pili. Lakini kwa bei ya kibandani alithubutu, na ile ya pili, iliyonunuliwa bila kufikiriwa sana, ndiyo iliyoleta faida ya mwaka.

Chumvi nayo ilifanya kazi yake. Aliyekula nyama yenye chumvi juani hupata kiu, na kinywaji kiliuzwa kauntani hapo hapo. Vinywaji vya namna hiyo, ambavyo ni maji, sukari na harufu, aghalabu humpa mwuzaji fungu kubwa la faida kuliko nyama.

Lakini urahisi ulileta adui wake. Mwaka 1906 kitabu cha Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago kilikuwa kimewatia watu hofu kubwa, na mwaka huohuo serikali ya Marekani ikatunga sheria ya ukaguzi wa nyama. Basi miaka kumi baadaye, mtu aliyeona soseji ikiuzwa nusu bei alikuwa na haki ya kuuliza imesagwa nini ndani yake. Husimuliwa kwamba Handwerker aliijibu tuhuma hiyo kwa kuwapanga watu mbele ya kibanda wakiwa wamevaa makoti meupe ya matabibu, wale hadharani, ili wapitao waseme kwamba chakula cha waganga hakiwezi kudhuru siha. Ikiwa alifanya hivyo, mimi siisifu hila hiyo hata kidogo, maana ni kumshuhudia mtu uongo katika jambo la afya yake. Jibu lililo bora lilikuwamo katika umbo la kibanda chenyewe: bamba la chuma lilikuwa wazi mbele ya macho, mikono ya wauzaji ilionekana, na nyama ilitoka motoni ikaingia mkateni bila kupitia pazia la jikoni.

Iko sababu nyingine iliyoifanya bei isipande, nayo haikutokana na werevu wa mwuzaji. Barabara ya Surf haikuwa na lango. Mtu aliyeona bei haimridhishi alikwenda hatua ishirini akakuta kibanda kingine, ilhali katika bustani za siku hizi, kama Disneyland ya California iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, mgeni hulipa kiingilio kwanza, na akiisha kuwa ndani hana pengine pa kununua. Ukuta ndio hupandisha bei ya mkate, si unga. Wapo, hata hivyo, wenye bustani waliochagua njia nyingine: Knoebels ya Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1926, haitozi kiingilio na imejijengea sifa kwa chakula chake, na Holiday World ya Indiana, ambayo hutoza kiingilio, imekuwa ikiwapa wageni vinywaji baridi bure tangu mwaka 2000. Hao wamekubali kuiacha faida ya gilasi moja ili mgeni akae mpaka jioni, na kwa maoni yangu hesabu yao ni sahihi zaidi kuliko ya jirani zao, kwa kuwa mzazi aliyelipishwa sana kwa maji ya mtoto huanza kutazama saa.

Jumba la Feltman lilifungwa mwaka 1954, na Steeplechase ikafuata mwaka 1964. Nauli ya senti tano ilikuwa imekwisha tangu 1948, ilipopandishwa kuwa senti kumi, na bei ya soseji nayo haikubaki pale ilipoanzia. Lakini kaunta ya Surf na Stillwell ingalipo, imetazama barabara, na wateja wangali wanakula wamesimama.