Mashujaa wa Kike wa Televisheni na Kumbukumbu za Utotoni

Watu wazima wa Marekani waliokuwa watoto baina ya 1975 na 1979 huutaja mchezo wa Wonder Woman kwa shauku, lakini aghalabu wanalokumbuka ni jambo moja: Diana Prince, karani mwenye miwani, azungukavyo kama pia, mwanga ukapasuka, akatokea shujaa. Hadithi zenyewe zimesahauliwa, wala si ajabu, maana nyingi zilikuwa hafifu. Dara Birnbaum alilitambua hilo mapema; katika kazi yake ya video ya 1978–79 aliukariri mzunguko huo mara kwa mara, hata ukaonekana mtupu, nguvu isiyotoka katika jasho wala uchungu.

Hukumu hiyo ni kali, na kwa mzunguko ule ni ya haki. Haimgusi, hata hivyo, Jaime Sommers wa The Bionic Woman (1976–78), aliyechezwa na Lindsay Wagner. Huyu ni mwalimu wa shule. Nguvu zake amezipata kwa kuvunjika mwili alipoanguka kwa mwavuli wa angani, na viungo alivyotiwa vyamfunga kuitumikia idara ya serikali iliyogharimia matibabu yake. Mara nyingi husikiliza kwanza, kwa lile sikio lake la kuume, ndipo atende. Katika mchezo wa mwisho, wa 1978, aomba kujiuzulu, na wakubwa wataka kumzuilia kana kwamba ni mali yao. Walioiga mzunguko wa Lynda Carter uani hawalisimulii sana tukio hilo.