Fundi Hutambulika Kabla ya Kuwasha Msumeno

Barabara ya kutoka Mbeya kwenda Kyela inapopita Tukuyu, karakana za maseremala hazikosekani: vitanda, makabati na fremu za milango vimepangwa nje, na ndani mashine zinanguruma. Humo msumeno mdogo wa duara umekuwa kifaa cha kila siku. Ni mwepesi, fundi anapanda nao juu ya kenchi, na ukibadilishwa diski hukata papi, plaiwudi, chuma hata vigae. Wengi huusifu kwa kasi yake. Mimi nawasifu mafundi wanaojua kuutuliza.

Ufundi huo huonekana mapema, plagi ikiwa bado haijachomekwa. Fundi makini huisukuma kinga ya diski kwa kidole, kisha huiachia. Ikirudi upesi na kufunika meno, kazi inaendelea. Ikisita, anaifungua na kuondoa unga wa mbao na utomvu ulioganda. Wapo wanaoifunga kinga hiyo kwa waya ili isiwacheleweshe. Fundi wa kweli hataki hata kulisikia jambo hilo. Baada ya hapo anausimamisha msumeno ubavuni mwa ubao na kurekebisha kina: meno yatokeze chini kwa milimita tano hivi, yasizidi. Meno yanayotokeza kidogo hayapati nafasi kubwa ya kung'ang'ania mbao, wala ya kufikia paja la mtu.

Wilayani Rungwe mbao zenyewe humfunza mtu subira. Mvua hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ubao uliopasuliwa juzi huja sokoni ukiwa bado mbichi. Paini, inayopandwa kwa wingi katika shamba la miti la Kiwira, ni laini lakini ina utomvu unaonata kwenye diski, na diski iliyonatiwa hupata moto. Mkaratusi ni mgumu, tena una nguvu iliyojificha ndani: ukiupasua kwa urefu, pande mbili zinaweza kurudiana na kuubana msumeno katikati. Hapo ndipo msumeno huruka nyuma kumwelekea aliyeushika.

Nilimtazama fundi mmoja wa Tukuyu akipasua ubao wa mkaratusi pamoja na mwanafunzi wake. Ubao ulilazwa juu ya vipande vya mbao vilivyokuwa sakafuni, ukashikiliwa kwa klempu. Waya wa umeme aliupitisha begani ili ubaki nyuma yake. Alisimama pembeni kidogo ya mstari, mwili wake usiwe kwenye njia ya diski. Aliwasha, na kijana akataka kuusogeza ubao.

"Bado, mwanangu," alimwambia. "Ngoja sauti itulie."

Mngurumo ulipanda, ukawa sawa, na hapo tu meno yakagusa mbao. Alipofika kama hatua moja sauti ikaanza kuwa nzito. Hakusukuma kwa nguvu. Aliachia swichi, akangoja diski isimame kabisa ndani ya mkato, akautoa msumeno, akamwonyesha kijana mahali pa kupachika kabari nyembamba. Mkato ukafunguka. Akaendelea. Kijana aliuona ubao ukimweleza fundi habari zake, na fundi akisikiliza.

Usikivu huohuo humlinda fundi pale umeme unapokatika katikati ya kazi. Asiyejua hubaki amebonyeza swichi akishangaa kimya, na umeme ukirudi msumeno huamka mikononi mwake. Anayejua huachia swichi mara moja na kuchomoa plagi. Mvua ikinyesha, waya wa kuunganishia hautandazwi kwenye udongo ulioloa. Ikilazimu, kazi inasubiri.

Kila mali ina adabu yake. Plaiwudi hutaka diski yenye meno mengi madogo, maana meno machache makubwa huchana uso wake. Katika misumeno mingi ya duara meno hukata yakipanda juu, hivyo uso mzuri hulazwa chini. Baadhi ya ile midogo huzunguka kinyume, na ndiyo sababu fundi huutazama kwanza mshale uliochorwa kwenye mashine. Mbao zilizowahi kutumika kumwagia zege hukaguliwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa msumari mmoja uliosahaulika unaweza kung'oa jino la diski na kulirusha usoni.

Chuma kina diski yake, na kabla ya kukikata, mfuko wa vumbi huondolewa: cheche zikiangukia unga wa mbao huwasha moto. Kwa bati la kuezekea, fundi wa Tukuyu mwenye busara huchukua mkasi wa bati. Diski ya kusaga huunguza zinki ukingoni mwa mkato, na kwa mvua hizi kutu huanzia hapohapo. Vigae hutaka diski ya almasi isiyo na meno, na hukatwa kwa mipito miwili au mitatu, kidogo kidogo. Mapaa ya zamani ya asbesto hayaguswi kwa msumeno kamwe, kwani nyuzi zake zikivutwa pumzini husababisha saratani.

Vumbi la mbao nalo si la kudharauliwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Barakoa na miwani vina bei nafuu kuliko matibabu. Glovu pana na mikono mirefu inayoning'inia, kinyume chake, huvuliwa, maana diski huvidaka.

Kwa hiyo, mteja, ukifika karakana ukamkuta fundi wako anapima kina, anakagua kinga au anangoja diski isimame, usimhimize. Muda huo ni sehemu ya kazi unayoilipia, nao ndio unaomrudisha kazini kesho akiwa na vidole vyote. Nawe fundi mwenye mwanafunzi, mfundishe kuchomoa plagi kabla hujamfundisha kuwasha.