Vumbi la Vasha na Nusu ya 1953

Kila Safari Rally ikifika, watangazaji wetu wa michezo huanza na sentensi moja, utadhani wote wamegawiwa karatasi ileile: mashindano haya yalizaliwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Halafu muziki. Halafu helikopta juu ya Ziwa Naivasha, na gari linapasua fesh-fesh kule Kedong mpaka skrini nzima inakuwa vumbi. Sentensi yenyewe ni ya kweli. Shida yangu ni kwamba ni nusu.

Hebu tuuchukue huo mwaka wao. 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, ile wazee wetu bado wanaita imajensi, iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring Oktoba 1952. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakawafungulia zaidi ya wafungwa 150, wakapakia bunduki na risasi kwenye lori na kutokomea. Usiku huohuo kule Lari, familia za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali zilichomewa ndani ya nyumba zao, wengi wakiwa wanawake na watoto. Kisha askari na homugadi wakalipiza kisasi na kuua wengine wengi. Aprili 8, Jomo Kenyatta na wenzake watano wakahukumiwa Kapenguria miaka saba ya kazi ngumu. Mwishoni mwa Mei, magari ya East African Coronation Safari yakang'oa nanga kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika.

Ni miezi miwili tu kati ya lori la Naivasha na magari ya Malkia. Katika miezi hiyohiyo, vibarua Wakikuyu walikuwa wanafurushwa kutoka mashamba ya wazungu huku Bonde la Ufa na kurudishwa rizavu. Kwa hivyo barabara za 1953 zilikuwa na watu wanaoendesha kwa raha zao, na zilikuwa na watu waliopakiwa nyuma ya lori wakiwa na watoto na sufuria. Matangazo ya rali yanakumbuka safari moja.

Na si eti hawa watangazaji hawajui historia. Wanaijua, tena wanaipenda. Watakusimulia Joginder Singh akishinda 1965, halafu 1974 na 1976. Watakuambia Shekhar Mehta alishinda mara tano. Watakueleza jinsi rali ilivyotoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002 na kurudi 2021. Kumbukumbu iko, na ni kali. Lakini kuna lango mahali ambapo kumbukumbu hiyo hupekuliwa kabla ya kuingia hewani.

Mimi nimewahi kulipita hilo lango. Nilipoacha campo nilianza kuandika vijisehemu vya michezo kwa malipo ya kununua bando, na mwaka mmoja nikaombwa maneno mia nne juu ya historia ya rali. Nikaweka aya moja kuhusu ule uvamizi wa kituo cha polisi. Ilirudi ikiwa imekatwa, na jibu fupi kwenye simu: "Hii inaharibu vaibu, buda." Malkia aliachwa. Yaani kutawazwa kwa mfalme wa watu wengine ni vaibu, lakini kilichotokea mjini humohumo mwaka huohuo ni siasa.

Ukitaka kuona ufundi wa kupekua, angalia kile kilima cha Elmenteita. Kuna hatua ya rali inaitwa Sleeping Warrior, na kila mwaka kamera inapita juu taratibu tuambiwe hadithi ya moran aliyelala chali. Nzuri sana. Lakini kilima hicho kina jina la pili ambalo walowezi walikipa: Pua ya Delamere. Mlima mmoja, watu wawili wamelala juu yake. Kati ya majina hayo mawili kuna mkataba wa 1904 uliowatoa Wamaasai katika sakafu ya bonde hili, na miaka michache baadaye Soysambu ikawa ya Lord Delamere. Hadithi ya moran inatumika kama pambo ili tusiulize aliamkia wapi.

Soysambu pia ni hatua ya rali. Hapo, 2005, afisa wa wanyamapori wa serikali alipigwa risasi na mrithi wa shamba akafa, na mashtaka yakaondolewa. 2006 mwanamume mwingine aliuawa na bunduki ya mtu yuleyule, na safari hii mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Huo si ukoloni wa vitabu. Wasomaji wengi wa hapa walikuwa wamezaliwa.

Najua jibu litakalokuja. Wasee wanaenda Vasha kujivinjari, si kufanya matanga. Mwaka una wikendi hamsini na mbili, acheni moja ipumue. Naielewa hiyo hoja, na singetaka mtangazaji aanze kuhubiri gari likiwa hewani. Tena najua upande wa pili wa hatari. Afrika Kusini wamelishwa picha ya Mandela ndani ya jezi namba 6 pale Ellis Park 1995 mpaka imekuwa kama risiti: tulishinda raga, basi deni la ubaguzi limelipwa. Kidonda kikigeuzwa tangazo la biashara, hicho nacho ni kusahau.

Lakini hoja ya "acheni tupumue" ingekuwa na nguvu kama matangazo yangeanza na matairi. Hayaanzi na matairi. Yanaanza na 1953. Wao ndio wameufungua huo mwaka, kwa hiari yao, kwa sababu historia inalipa mashindano heshima ambayo injini peke yake haiwezi kuyapa. Ukiazima heshima ya mwaka, unachukua na maiti wake.

Na hapa kwetu gharama ya nusu-kumbukumbu tumeshaiona. Januari 2008, Naivasha hiyohiyo, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja mtaa wa Kabati. Moto, nyumba, familia ndani, kisha kisasi. Yeyote aliyesikia habari za Lari angeitambua hiyo picha. Lakini Mau Mau lilikuwa kundi lililopigwa marufuku kisheria mpaka 2003, kwa hivyo wengi wetu tulifika 2008 tukidhani mambo kama hayo hutokea Rwanda.

Mwaka 2024 rali ilianza Machi 28, siku mbili baada ya kumbukumbu ya uvamizi wa Naivasha na mauaji ya Lari. Katika matangazo niliyofuatilia mimi, sikusikia neno. Subaru zilizopanda kutoka Nairobi kwa barabara ya juu zilipita Lari kabla ya kuteremka, muziki juu, na siwalaumu vijana waliokuwa ndani. Nani angewaambia?

Sekunde ishirini zinatosha: "Rali hii ilizaliwa 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia, na mwaka ambao kituo cha polisi cha mji huu kilivamiwa na Lari ikaungua." Halafu rudisha helikopta, tuendelee kutazama vumbi.