Jozi za Majani ya Mrehani

Shika tawi changa la mrehani uliviringishe taratibu kati ya vidole. Shina lina pembe nne, utazihisi. Kwenye fundo yametoka majani mawili yanayotazamana. Panda hadi fundo linalofuata: mawili tena, ila haya yamegeuka robo duara, yakakingamana na yale ya chini. Fundo la tatu linarudia mkao wa la kwanza. Ukiinama kutazama kutoka juu, unaona msalaba.

Mpangilio huu wataalamu wa mimea huuita dekusati, neno ambalo halikuzaliwa shambani. Warumi walikuwa na sarafu iitwayo as, na as kumi waliziita decussis. Kumi waliiandika X. Jina la hesabu likahamia kwenye alama yake, na kitenzi decussare kikawa na maana ya kukata kwa mkingamo. Nalipenda neno hili kwa sababu ni sahihi mno: linataja majani mawili na pia jinsi jozi moja inavyokaa juu ya nyingine.

Usahihi huo ulihitaji watu wa subira. Charles Bonnet wa Geneva alianza na wadudu, akichungua vidukari, mpaka macho yakadhoofika. Akageukia mimea. Katika kitabu chake cha 1754 kuhusu kazi ya majani alitenga mipangilio mitano, mmoja ukiwa huu wa jozi zinazokingamana. Kwa maoni yake, majani hupangwa yasifunikane ili hewa ipite. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1868, Mjerumani Wilhelm Hofmeister alieleza kwamba jani jipya huchipuka nchani penye nafasi kubwa zaidi iliyoachwa na yaliyotangulia. Jozi ikishika pande mbili, ijayo hubakiwa na zile mbili nyingine.

Kazi yenyewe ya kuutambua mpangilio huu inapimwa kwenye mbuni. Tazama tawi lake la pembeni: majani yamelala bapa, kushoto na kulia, wala huoni msalaba wowote. Mwanafunzi ataandika kwamba yamepangwa safu mbili. Mzoefu hafanyi haraka. Anaanzia kwenye kichipukizi cha nchani, ambako jozi bado zinakingamana, kisha anashuka pingili moja moja akifuata jinsi shina lilivyojipinda na kuyageuza majani yaelekee mwanga. Akishauona mpindo huo, ndipo anaandika: dekusati.